MCHIKICHI WA UANI NA BARIDI YA MILIMANI

Asafiriye kwa barabara kuu itokayo Bujumbura kuelekea kusini, akapita Kabezi, Magara na Minago hata akafika Rumonge, huliona ziwa upande wake wa kulia na milima upande wa kushoto. Baina ya viwili hivyo hulala ukanda mwembamba wa nchi tambarare, nao umejaa michikichi. Mti huu umeota mashambani, kandokando ya njia, na hata uani mwa nyumba za watu. Ndio utiao mawese chunguni, ndio uletao sabuni ya kufulia, na ndio ambao watu wengi wa mwambao huu huutegemea kwa ada ya shule na kwa gharama ya matibabu.

Lakini msafiri huyo huyo akiiacha barabara ya ziwa na kushika njia ipandayo Buyengero, Burambi au Bururi, ataona jambo la kustaajabisha. Kadiri apandavyo ndivyo michikichi ipunguavyo. Makuti huwa mafupi, mikungu huwa midogo na michache, na hatimaye mti hutoweka kabisa, mahali pake pakashikwa na migomba, maharage na mihogo. Je, sababu ni nini? Wako wasemao kwamba ni udongo, na wako wasemao kwamba ni uhaba wa mvua. Lakini mvua ya milimani ni nyingi kuliko ya tambarare. Kinachouzuia mchikichi usipande mlima, zaidi ya kitu kingine chochote, ni baridi.

Katika makala haya tutajaribu kueleza jinsi baridi inavyoudhuru mti huu, na jinsi mwenye nyumba anavyoweza kuchagua mche na mahali pa kuupanda ili asije akajuta baada ya miaka mitano ya kungoja. Suala hili si la wataalamu peke yao. Mwaka 2021 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda yakavuka kimo cha mita 776 juu ya usawa wa bahari, na mwaka 2024 yakapanda tena, yakaingia katika nyumba, bandari na mashamba ya pwani, Rumonge ikiwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika. Watu walioondolewa na maji hupanda juu kutafuta kiwanja kipya, na huko juu swali la kwanza la mwenye kuzoea mawese huwa hili: je, mchikichi nao utakubali kupanda pamoja nami?

MTI WA NCHI ZA JOTO

Yafaa ieleweke kwanza kwamba asili ya mchikichi ni misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, mahali penye joto na unyevu kwa mwaka mzima. Mti huu hustawi vema kabisa pale ambapo wastani wa joto ni kati ya nyuzi 24 na 28 za sentigredi, na ambapo mvua hufikia milimita 2,000 kwa mwaka bila kukatika kwa muda mrefu. Kwa kipimo hicho, hata Rumonge yenyewe si makao kamili ya mchikichi. Tambarare ya Imbo hupata karibu nusu tu ya mvua hiyo, kiangazi chake huanza Juni na kuendelea hadi Septemba, na wastani wa joto lake ni nyuzi 23 au 24 hivi. Kwa maneno mengine, mchikichi wa Rumonge umekwisha simama ukingoni mwa nchi yake.

Mtu akisimama ukingoni, hatua ndogo tu yatosha kumwangusha. Kila mita 100 za kupanda mlima hupunguza joto kwa karibu sehemu sita za kumi za nyuzi moja. Mwenye kutoka ufukweni na kujenga mita 500 juu zaidi amepoteza karibu nyuzi tatu. Kwa binadamu hilo ni jambo la kuvaa koti wakati wa jioni. Kwa mchikichi ni jambo la uhai wa mkungu.

Baridi haiuui mti huu mara moja, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Mche mdogo unaoachwa katika joto la nyuzi 15 husimama tu, hauongezeki. Mti mkubwa nao huendelea kuwa wa kijani, na apitaye njiani huuona mzuri. Lakini ndani yake kazi imepungua: majani mapya hutoka kwa kuchelewa, na kwa kuwa kila jani hubeba kikonyo kimoja cha maua, jani likichelewa na ua limechelewa. Maua mengine ya kike huoza kabla ya kufunguka. Mkungu ambao katika nchi ya joto hukomaa kwa miezi mitano na nusu au sita tangu kuchavushwa, huhitaji muda mrefu zaidi katika nchi ya baridi, na huwa na mafuta machache. Mwenye mti hungoja, huweka mbolea, hungoja tena, wala hajui kwamba adui yake huja usiku, wakati yeye amelala.

Isitoshe, katika nchi yetu usiku wa baridi kali huja katika miezi ile ile ya kiangazi. Mti ambao mizizi yake imekosa maji mwezi Julai ndio huo huo unaopigwa na baridi mwezi Julai. Adui wawili wakija pamoja, hata mwenye nguvu hushindwa.

ZIWA NI KAMA BLANKETI

Hapa hatuna budi kulishukuru ziwa. Ziwa Tanganyika, ambalo kwa kina ni la pili duniani, lina maji ambayo juu yake hukaa na joto la nyuzi 25 au zaidi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mchana hulipokea jua, na usiku huirudishia nchi iliyo karibu ile hari liliyoiweka. Kwa hiyo nyumba iliyo karibu na ziwa hupata usiku wenye joto kuliko nyumba iliyo nyuma ya kilima, ingawa zote mbili ziko katika kimo kimoja.

Kutokana na hayo twapata kanuni ya kwanza kwa mwenye nyumba. Kabla ya kununua mche, auangalie mlima wake. Mteremko unaolitazama ziwa ni bora kuliko bonde lililofichwa. Tena, akumbuke kwamba hewa ya baridi ni nzito na hutiririka kama maji. Usiku hushuka kutoka vileleni na kujikusanya mabondeni. Mtu apandaye mchikichi katika shimo la bonde la mlimani kwa kuwa udongo wa hapo ni mweusi na una maji, huenda ameuweka mti wake katika birika la baridi. Katikati ya mteremko, mahali ambapo hewa hupita bila kutuama, na ukutani upande upatao jua la asubuhi, ndipo panapofaa zaidi.

MBEGU YA KIGOMA ILIYOIZUNGUKA DUNIA

Kanuni ya pili yahusu mbegu, na hapa pana habari ambayo watu wa mwambao huu wanastahili kuijua, kwa kuwa ni habari yao na ya jirani zao.

Wataalamu walipotafuta mchikichi unaoweza kustahimili baridi, hawakwenda kuutafuta kule ambako mti huu hustawi kwa raha. Walikwenda ukingoni, mahali ambapo michikichi imeishi kwa vizazi vingi katika nchi za juu na kwa hiyo imejifunza taabu. Sehemu mbili zilizopata sifa ni nyanda za juu za Bamenda nchini Cameroon, na Kigoma nchini Tanzania, yaani mwambao ule ule wa ziwa letu, kusini ya Nyanza-Lac. Mbegu za sehemu hizo zilipelekwa hadi Costa Rica, Amerika ya Kati, zikapandwa na shirika la ASD, na miti iliyotokana nazo ikazalishwa pamoja na mibegu bora ya mafuta. Katika miaka ya 1990 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilisaidia kuirudisha mbegu hiyo mseto barani Afrika, ikapandwa katika sehemu za juu ambako mchikichi wa kawaida haukutarajiwa, magharibi ya Kenya ikiwa mojawapo.

Basi mchikichi wa mababu wa Kigoma, ambao wengine waliudharau kwa kuwa kokwa lake ni nene na mafuta yake machache, umeonekana kuwa na hazina ambayo miti ya kisasa haikuwa nayo. Lakini tusipitishe kiasi katika kuusifu. Kustahimili baridi kwa mchikichi si kustahimili barafu. Maana yake ni kwamba mti utaendelea kuzaa kidogo pale ambapo mwenzake ungeacha kuzaa kabisa. Katika vilima vya chini vya Mirwa tofauti hiyo yaweza kuwa ndiyo tofauti baina ya mawese ya nyumbani na kuti tupu. Huko Bururi kwenyewe, karibu na mita 1,900, hapana mbegu ya kumfariji mtu.

SIRI ILIYOMO NDANI YA KOKWA

Kuna kosa moja ambalo limewapotezea wakulima wengi miaka mingi, nalo ni kuokota mche ulioota wenyewe chini ya mti mzuri. Mtu huona mchikichi wa jirani unazaa mikungu mikubwa, huomba miche iliyojiotea hapo chini, na huamini kwamba mtoto atafanana na mama. Kwa ndizi ingekuwa kweli. Kwa mchikichi si kweli.

Michikichi ni ya aina tatu kwa kutazama kokwa lake. Aina ya dura ina kokwa lenye ganda nene na nyama nyembamba ya mafuta. Aina ya pisifera haina ganda, lakini mara nyingi mikungu yake huoza kabla ya kukomaa. Aina ya tenera ina ganda jembamba na nyama nyingi, nayo ndiyo itakiwayo. Mwaka 1941 wataalamu Beirnaert na Vanderweyen wa kituo cha Yangambi, nchini Kongo, walieleza kwamba tenera si ukoo wa kujitegemea, bali ni mtoto wa dura na pisifera. Ugunduzi huo uliubadili ukulima wa mchikichi duniani kote.

Matokeo yake kwa mwenye nyumba ni mepesi kufahamika. Tenera ikizaa na tenera mwenziwe, katika kila watoto wanne, kwa kadirio, mmoja huwa dura, wawili huwa tenera, na mmoja huwa pisifera ambaye huenda asimpe mwenyewe hata kijiko cha mafuta. Na mtu hawezi kuwatambua kwa macho wakiwa wachanga. Atawajua baada ya miaka mitatu au minne, mkungu wa kwanza ukipasuliwa kwa kisu. Katika shamba la miti 143, ambayo ni idadi ya kawaida kwa hekta moja, hasara hiyo huumiza. Katika ua wenye nafasi ya miti miwili tu, hasara hiyo ni ya mwisho.

Kwa hiyo mche ununuliwe kitaluni, kwa watu wanaojua mama na baba wa mbegu. Nchini kwetu taasisi ya utafiti wa kilimo, ISABU, imekuwapo tangu mwaka 1962, na Rumonge ina historia ndefu ya mashamba ya mbegu teule. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania ilianza kampeni ya kuufufua mchikichi wa Kigoma mwaka 2018, na kituo cha utafiti cha Kihinga kikapewa jukumu la kuzalisha mbegu za tenera. Muulize mwuzaji swali moja tu: mbegu hii imetoka wapi? Akijibu kwamba ameiokota sokoni, mshukuru na uende zako.

JINSI YA KUUPANDA UANI

Mche wa kupandwa uwe na umri wa mwaka mmoja hivi, uliokuzwa katika mfuko wa plastiki, wenye majani yaliyoanza kupasuka kama manyoya. Mche mdogo mno hauwezi kukikabili kiangazi chake cha kwanza. Wakati wa kupanda ni mwanzo wa mvua, Oktoba au Novemba, ili mizizi ipate miezi saba ya kujitafutia maji kabla ya Juni kufika. Anayepanda mwezi Aprili kwa sababu bado anaiona mvua, anaupeleka mtoto vitani bila ngao.

Shimo liwe la sentimita 60 kwa kila upande, na udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza urudishwe kwanza. Mti usipandwe chini ya mita sita kutoka ukuta wa nyumba, wala chini ya nyaya za umeme, kwa sababu makuti yake hutanda mita nane hadi tisa kutoka ncha hadi ncha, na kuti kavu likianguka juu ya bati si jambo la mzaha. Kati ya mti na mti mita tisa zatosha. Katika miaka mitatu ya kwanza nafasi hiyo isilale bure: maharage na karanga zaweza kupandwa humo bila kuusonga mche.

Katika sehemu za baridi mambo matatu yaongezwe. Kwanza, shina lizungushiwe majani makavu unene wa kiganja, yasiligusе shina lenyewe, ili udongo uhifadhi joto na unyevu. Pili, mti usipogolewe makuti ya kijani kabla ya kiangazi. Kila kuti ni jiko la mti, na mti wenye baridi hauna jiko la ziada; yakatwe yale yaliyokauka tu. Tatu, jivu lisitupwe. Jivu la mikungu mitupu lina potasiamu kwa wingi, nayo ndiyo chumvi ambayo mchikichi huihitaji kuliko nyingine zote, na humsaidia kukabili ukame. Mwenye nyumba atembelee mti wake pia kumtafuta mdudu mweusi mwenye pembe atobowaye kilele. Mdudu huyo huzaliana katika magogo yaliyooza na marundo ya samadi, basi vitu hivyo visilundikwe karibu na mti.

Mkungu huvunwa tunda moja au mawili yakianza kuanguka yenyewe, na uchemshwe upesi, maana tunda lililochubuka likilala siku kadhaa mafuta yake huwa makali na hupoteza thamani.

ARDHI KABLA YA MTI

Jambo jingine haliwezi kuachwa bila kutajwa katika Rumonge. Mchikichi uliotunzwa huzaa kwa miaka 25 na zaidi, yaani huishi kuliko maafikiano mengi ya mdomo. Baada ya mauaji na machafuko ya mwaka 1972 familia nyingi za mwambao huu zilikimbilia Tanzania, na viwanja vyao vya michikichi vikashikwa na watu wengine. Waliporudi, wengine baada ya miaka 30 na zaidi, waliikuta miti yao mikononi mwa familia ambazo nazo zilikuwa zimelea watoto kwa mawese yake. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyinginezo, iliyoundwa mwaka 2006, ilizikuta kesi nyingi za namna hiyo katika sehemu hii. Yeyote ahamaye sasa kwa sababu ya maji na kupanda mti katika kiwanja kipya ajue kwamba anaweka alama itakayosomwa na wajukuu. Mpaka utazamwe pamoja na majirani, na hati ipatikane, kabla ya shimo kuchimbwa.

MAHALI PASIPOFAA

Pengine msomaji anaishi juu sana, na ameyasoma haya kwa huzuni. Asikate tamaa ya kuwa na mti wa jamii hii uani mwake, maana mitende na michikichi ina ndugu wengi. Huko Ulaya, ambako theluji huanguka, watu hupanda mbele ya nyumba zao mti wa Kichina uitwao Trachycarpus, ambao mbegu au miche yake ilifika bustani ya Kew, London, mwaka 1849 kwa mkono wa Robert Fortune, nao hustahimili baridi ya nyuzi kumi na zaidi chini ya sifuri. Lakini huo ni pambo tu. Sisi tunaye mwenzetu wa karibu zaidi: mkindu, mti wa porini wa Afrika, unaoota mitoni na milimani, hauogopi ubaridi wa nchi zetu za juu, na majani yake machanga hutoa ukili wa mikeka na vikapu. Hautatia mafuta chunguni, bali utatia kivuli uani na kazi mikononi.

Kwa yule aishiye ufukweni au katika vilima vya chini, shauri letu ni hili. Apime kimo cha mahali pake, atazame hewa ya usiku inakopita, aulize asili ya mbegu, na apande mwanzo wa mvua. Mambo manne hayo hayagharimu fedha nyingi, hugharimu subira. Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Mwenye kuupanda mchikichi ufaao mahali pafaapo atakula kivulini mwake, na watoto wake pia.